Gramu Nne na Nusu

Amukoa aliiweka juu ya mizani yangu bila salamu,
imefungwa kwa karatasi ya majani ya chai.
Nje, mvua ya saa tisa ya Kakamega ilikuwa bado haijaamua.
Mimi ni mnunuzi. Nimezoea vumbi la Ikolomani,
punje zilizong'ang'ania zebaki,
nazichoma kwa gesi huku nimeziba pua.
Sijazoea dhahabu yenye uso.

Gramu nne na nusu, kasoro chembe.
Nikaisugua kwenye jiwe jeusi, nikadondosha tindikali:
mstari haukufifia.
Safi kuliko pete ya askofu.

"Babu alimpikia Mzungu wa Rosterman.
Mgodi ulipofungwa, Mzungu hakuwa na noti,
akampa hii. Mshahara wa miezi mitatu.
Babu akaenda nayo dukani, anataka chumvi na blanketi.
Mwenye duka akaigeuza, akaigeuza,
akasema, Huyu kingi simjui."

Nikampigia Mwalimu Imbuhila, aliyestaafu historia
ila historia haijamstaafisha.
Akaja na kioo cha kukuzia, viatu mkononi, tope hadi magotini.
Roma, akasema. Roma ya jioni,
ilipokuwa ikiuza vyombo vya nyumbani.
Na huyu hakuzaliwa mfalme, wala hakuachiwa ufalme.
Alikuta kiti kina joto la mwingine, akakaa.
Miezi minane.
Siku ya kwanza hakuhutubia, hakusali, hakuzika maiti:
alipiga sarafu,
maana askari waliomwinua juu ya ngao kwa mkono mmoja
walikuwa wamekinga ule wa pili.

"Sasa tazama pua hii. Hii kofia ya chuma,
huu mkuki begani.
Ni vya yule aliyepinduliwa!
Fundi hakupewa muda wa kuchonga uso.
Alikwangua jina, akaandika jina.
Mwizi wa kiti katoka humu na sura ya mwenye kiti."

Nikacheka, na Mwalimu hakujua kwa nini.
Ndani ya droo yangu mna risiti za chama cha wachimbaji,
za mwaka ule Shitanda alipovunja kufuli la ofisi usiku,
kukapambazuka, akawa mwenyekiti.
Kabla ya mkutano, kabla ya chai,
alituma kijana kwa mchonga mihuri pale stendi,
na mchonga mihuri, kuokoa mpira,
akachukua muhuri wa Luvai aliyefurushwa,
akafuta jina, akaacha sahihi.
Wiki kumi tulilipwa kwa amri ya Shitanda
na mkono wa Luvai.
Pesa ilikuwa pesa. Nilinunulia mabati.
Nyumba ile haivuji mpaka leo.

Wahenga walituonya juu ya ving'aavyo.
Juu ya hiki hawakuacha neno:
kinang'aa, ni dhahabu, na bado kinadanganya.

Nikaigeuza. Mgongoni yuko malaika,
kashika msalaba mrefu kuliko yeye,
kama mtu avukaye mto Isiukhu akipima kina,
na nyota moja pembeni, imelika ncha.
Gesi ilikuwa inawaka. Amukoa akauliza,
"Utaiyeyusha?"
Mwalimu akanishika kiwiko.
Wapo watu, akasema, watakaolipa mara kumi ya uzito wake,
kwa sababu hakukaa.
Kadiri mtu alivyotawala kidogo
ndivyo anavyouzwa ghali.

Amukoa alinyamaza kitambo.
Mvua ikaamua, ikapiga bati kwa ngumi.
Kisha akaichukua kutoka kwenye mizani,
akaikunja tena ndani ya karatasi ya chai, mikunjo ileile,
mkono wa babu yake ukiwa bado kwenye mikunjo.
"Lile duka lipo," akasema. "Siku hizi ni la M-Pesa,
anakaa mjukuu.
Nitaanzia huko.
Nataka kwanza aniambie
chumvi na blanketi ni shilingi ngapi."